Buchi Emecheta: Watoto Watano na Mswada Uliochomwa

Katikati ya miaka ya 1960, kwenye vyumba vya kupanga kaskazini mwa London, mwanamume mmoja kutoka Nigeria alisoma riwaya ambayo mkewe alikuwa ameiandika kwa mkono, kisha akaitia motoni. Mke hakuwa amefikisha hata miaka ishirini na mitatu, na tayari alikuwa na watoto wanne. Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Riwaya yenyewe aliipa jina The Bride Price, kisa cha msichana na mahari yake. Mwaka 1966 mke huyo aliondoka na watoto wake, ana mimba ya mtoto wa tano, na miaka sita baadaye jina lake likatokea kwenye jalada la kitabu: Buchi Emecheta.

Kisa hiki husimuliwa sana, na karibu kila mara kwa sauti ileile: mwanamke shupavu aliyefanikiwa kuandika licha ya kulea watoto watano peke yake. Katika masimulizi hayo watoto huwekwa kwenye fungu moja na umaskini, baridi na ubaguzi wa rangi. Ni mizigo, na yeye ni shujaa kwa kuibeba. Mimi nikiusoma ushahidi alioacha mwenyewe naona watoto wamewekwa kwenye fungu lisilo lao.

Ushahidi huo uko zaidi katika vitabu vitatu. In the Ditch (yaani Shimoni) kilitoka 1972, Second Class Citizen 1974, na tawasifu yake Head Above Water 1986. Viwili vya mwanzo ni riwaya, mhusika mkuu akiitwa Adah, lakini Emecheta hakuwahi kuficha kwamba maisha ya Adah ni yake. Kwa hiyo hapa nitamtaja Adah pale ninapotegemea riwaya, na Emecheta pale jambo linapojulikana kutoka katika maisha yake.

Kabla ya moto

Alizaliwa Lagos tarehe 21 Julai 1944, wazazi wake wakiwa Waigbo wenye asili ya mji wa Ibusa. Baba alifanya kazi ya reli, na vita vya Waingereza vikampeleka hadi Burma. Alifariki binti yake akiwa bado mdogo. Kaka mtu, ingawa ndiye mdogo kwa umri, alitangulizwa shule, na binti akapata nafasi baada ya kuing'ang'ania. Alishinda ufadhili wa kusoma Methodist Girls' High School, na akiwa na miaka 16 akaolewa na kijana aliyekuwa amechumbiwa naye tangu utotoni.

Kuna jambo moja la Lagos ambalo wasimulizi hulipita haraka, nami nalisimamia. Adah pale Lagos ni mama wa watoto wawili, anafanya kazi ya maktaba kwenye ofisi ya Wamarekani, analipwa vizuri, na haemewi na malezi hata kidogo. Nyumbani kuna wasichana wa kazi, kuna mama mkwe, kuna wifi. Mshahara wake ndio unaomsomesha mumewe ng'ambo. Ana uzazi na ajira kwa pamoja, na hakuna anayemuuliza anawezaje.

Mwaka 1962 akapanda meli na watoto wake kumfuata mume Uingereza. Alichokikuta ni mji ambao matangazo ya vyumba yalisema wazi kwamba watu weusi wasijisumbue. Hilo halikuwa kosa kisheria. Sheria ya kwanza ya Uingereza ya kuzuia ubaguzi wa rangi, ya 1965, haikugusa upangaji wa nyumba, na ilibidi kusubiri ile ya 1968. Wenye nyumba waliokubali wapangaji Waafrika mara nyingi hawakutaka watoto, kwa hiyo Waafrika wengi waliokwenda kusoma waliwapeleka watoto wao kwa walezi wa kulipwa. Adah naye anawapeleka wake kwa mwanamke aitwaye Trudy, na siku moja anafika bila taarifa, anawakuta wakicheza kwenye uchafu wa uani wakati mlezi yuko ndani na mgeni wake wa kiume. Muda si muda mtoto wa kiume anaugua homa ya uti wa mgongo.

Mzigo hapo ni upi hasa? Watoto ni walewale wa Lagos, idadi ileile. Kilichobadilika ni kwamba bibi, wifi na wasichana wa kazi wamebaki ng'ambo ya bahari, na mume aliyepo nyumbani mchana kutwa, anayesomea mitihani asiyoifaulu, anakataa katakata kuwaangalia.

Halafu idadi ikaongezeka, na hapa nawaomba wasomaji wanaopenda kusema "kwani nani alimtuma azae watano" wasubiri kidogo. Adah anakwenda kliniki ya uzazi wa mpango. Anapewa fomu, na fomu inataka sahihi ya mume. Anajua mume hatakubali, kwa hiyo anaighushi. Mume anapogundua, anampiga hadi wapangaji wengine wanakuja kugonga mlango, kisha anawaandikia wazazi wake Nigeria kushtaki kwamba mkewe amefanya jambo la aibu. Mimba ya mtoto wa nne tayari imeingia. Uingereza ilipitisha mwaka 1967 sheria iliyoziruhusu halmashauri kutoa huduma hiyo bila kujali ndoa, na wakati huo Emecheta alikuwa amekwisha kuondoka kwa mumewe. Ukihesabu watoto watano kama uamuzi wake, umehesabu vibaya.

Madaftari

The Bride Price ya kwanza iliandikwa katika kipindi ambacho Adah ameacha kazi ya maktaba na yuko nyumbani na kichanga. Watoto wakubwa wako nasari, wadogo wanalala mchana. Anachukua madaftari ya shule, anaandika. Hana meza yake wala mlango wa kufunga. Anachokipata ni saa chache za mchana, na saa hizo anazipata kwa sababu ana mtoto mchanga wa kumkalisha nyumbani.

Hili linapingana na mambo mawili ambayo waandishi wa Kiingereza wamezoea kuyanukuu. Mhakiki Cyril Connolly aliandika mwaka 1938 kwamba hakuna adui wa sanaa mbaya zaidi ya kigari cha mtoto kilichoegeshwa ukumbini. Mwandishi wa riwaya Virginia Woolf, mwaka 1929, alitaka mwanamke anayeandika awe na pauni mia tano kwa mwaka na chumba chenye kufuli. Woolf alikuwa sahihi kuhusu fedha, na matukio ya baadaye ya kisa hiki yanamuunga mkono. Connolly alikuwa akizungumzia wanaume ambao wake zao ndio waliokisukuma hicho kigari.

Adah anawapa wenzake wa zamani wa maktaba wasome. Mmoja wao, Mkanada aitwaye Bill, anamtia moyo na kumwambia kazi ile ni mtoto wa akili yake. Anarudi nyumbani na furaha, anamwomba mumewe naye aisome. Mume anajibu kwa dharau kwamba mwanamke mweusi hawezi kuandika kitu cha maana. Jumamosi moja Adah anatoka dukani, anakuta harufu ya karatasi zinazoungua, na mume amesimama kwenye jiko la kuotea moto akitupa kurasa za mwisho.

Maneno yanayofuata ndiyo kiini cha kisa, kwa jinsi ninavyokielewa. Adah anamwambia mumewe kwamba kile kilikuwa mtoto wake, na kwamba amemuua mtoto wake. Mume anajibu kwamba ameshaisoma, na ukoo wake hautafurahi kuona mke wa mwana wao anaandika mambo kama yale. Yaani hakuichoma kwa sababu ni mbovu. Aliichoma kwa sababu aliielewa.

Tazama upande ambao mama huyu anakiweka kitabu. Hakiweki kwenye mizani ili kishindane na watoto. Anakihesabu pamoja nao. Na mtu aliyekiteketeza kitabu ndiye huyohuyo ambaye baadaye, mbele ya hakimu, anakana kwamba watoto ni wake na kupendekeza watolewe kwa watu wawalee. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa amevichoma pia. Adah anajibu kwamba watoto ni wake, na hilo linamtosha. Mswada na watoto wamefikwa na jambo moja kutoka kwa mtu mmoja.

Nini kilimpa nafasi

Second Class Citizen ilipotoka, kwenye tabaruku aliwataja watoto wake wote watano kwa majina, akasema kwamba bila kelele zao tamu za pembeni kitabu kisingeandikwa. Alice Walker, mwandishi Mmarekani mweusi, aliisoma tabaruku hiyo akashangaa, na mwaka 1976 aliandika makala katika jarida la Ms. akisema Emecheta ni mwandishi kwa sababu ya watoto wake. Hoja yake ni kwamba Emecheta aliingiza kuandika ndani ya kazi ya mama kama anavyoijua Mwafrika, yule mama aliyelima na mtoto mgongoni bila kujiuliza kama kulima na kulea vinapatana. Ni makala nzuri. Inachekesha kidogo kwamba Walker mwenyewe, miaka mitatu baadaye, aliwashauri wanawake wasanii wazae mtoto mmoja tu, maana kwa mmoja bado unaweza kutembea.

Ila mama anayelima na mtoto mgongoni ana shamba. Emecheta alipata wapi shamba?

Jibu liko In the Ditch, kitabu kisichopendwa kunukuliwa kwenye makongamano kwa sababu kimejaa habari za mirija ya maji taka, foleni za posho na makaa yaliyolowa. Baada ya kuachana na mume, Adah anapewa na halmashauri nyumba kwenye jengo chakavu linaloitwa kitabuni Pussy Cat Mansions. Ngazi zinanuka mkojo. Lakini ni nyumba yenye mlango wake, na hakuna mwenye nyumba wa kumwambia watoto wanapiga kelele. Anajaribu kuendelea na kazi yake kwenye jumba la makumbusho, anashindwa kwa sababu hana wa kumwachia watoto asubuhi na jioni, na anaishia kuishi kwa posho ya serikali. Anaona aibu. Wakati huohuo anaanza kuzoeana na majirani, akina Whoopey na Bibi Cox, wanawake Waingereza maskini ambao wengi wao nao wanalea bila waume. Wanaazimana sukari, wanaangaliziana watoto, wanakwenda pamoja kupigana na ofisi ya halmashauri. Kwa mara ya kwanza tangu Lagos, Adah ana watu.

Hapo ndipo Emecheta alipoanza kuandika vile vipande vya maisha ya shimoni, kama alivyoyaita. Baada ya kukataliwa huku na kule vilipokelewa na gazeti la New Statesman, wakati mhariri wake akiwa Richard Crossman, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nyumba. Vipande vikawa kitabu. Wakati huo anasomea sosholojia Chuo Kikuu cha London, anaandika alfajiri kabla nyumba haijaamka, na watoto wanakwenda shule. Kitabu cha pili kikachapishwa na Allison & Busby, ambako Margaret Busby, mzaliwa wa Ghana, alikuwa mhariri aliyemjua vizuri msomaji anayekusudiwa.

Kwa hiyo mimi naongeza kwenye hoja ya Walker. Kelele zilikuwa tamu kwa kuwa zilitoka chumba cha pili cha nyumba ambayo kodi yake ilikuwa nafuu. Zile zile, kwenye chumba kimoja na mume anayesubiri kuchoma, zilikuwa jambo jingine.

Ushahidi unaonipinga

Kama Emecheta angeandika hivyo vitabu viwili tu, ningesimama hapa. Lakini mwaka 1979 alitoa The Joys of Motherhood (yaani Raha za Uzazi), riwaya yake inayosomwa kuliko zote, na jina lake ni kejeli chungu. Alilichota kwenye mistari ya mwisho ya Efuru, riwaya ya Mnigeria mwenzake Flora Nwapa ya 1966, ambamo mungu wa kike wa ziwa ana uzuri na mali lakini hajui raha ya uzazi. Emecheta alichukua raha hiyo akaionyesha kwa bei yake.

Nnu Ego, mhusika mkuu, anafungua riwaya mwaka 1934 akikimbilia daraja la Lagos ajirushe, kwa kuwa kichanga chake kimekufa. Anaokolewa, anazaa tena na tena, anachuuza sigara na kuni, anajinyima chakula ili watoto wa kiume wasome. Mmoja anakwenda Marekani, mwingine Kanada. Mama anakufa kando ya barabara, hana hata mtoto mmoja wa kumshika mkono. Baadaye watoto wanarudi na kufanya mazishi makubwa kuliko yote Ibuza (ndiyo Ibusa, kwa tahajia ya riwaya) iliyowahi kuona, wanamjengea na mahali pa matambiko. Wajukuu wake wa kike wanapokwenda hapo kuomba uzazi, hajibu.

Katika Head Above Water Emecheta anaeleza kwamba riwaya hii ilimtoka kwa kasi, katika hasira, binti yake mkubwa alipogombana naye na kwenda kukaa kwa baba. Kwa baba yule yule. Mama yeyote anayesoma anaweza kukisia ukali wa siku hizo. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na hapa ndipo kazi inapouma. Basi, watoto si adui wa sanaa, lakini si malaika wa kupiga makofi pembeni pia. Wanaweza kuondoka. Na hata kuondoka kwao kulimzalia kitabu, jambo linaloweza kusomwa kama nguvu au kama huzuni, au yote mawili.

Hata hivyo ukimfuatilia Nnu Ego kwa makini, Emecheta yuleyule anakuonyesha mashine iliyomsaga. Ibuza, mama ana shamba lake, ana boma, ana wanawake wenzake. Lagos ana chumba kimoja, na mume anayefua nguo za Mzungu, Dakta Meers, hadi bwana huyo anaporudi kwao na ajira kuisha, na baadaye jeshi la Waingereza linamkamata mume na kumpeleka vitani. Mji umechukua wasaidizi wote na kumwachia watoto wote. Mke mwenza anapoletwa, Adaku, wanalala chumba kilekile, wakitenganishwa na pazia. Siku moja wake hao wawili wanagoma kupika ili mume aongeze pesa ya chakula. Ni kurasa za kuchekesha mno, na mgomo wenyewe haufiki mbali, maana watoto wana njaa na mama mmoja anayeyuka kwanza.

Kuna mahali ambapo sikubaliani na mwandishi. Mwaka 1986, kwenye mkutano wa waandishi wa Kiafrika Stockholm, alisema kama yeye ni mtetezi wa wanawake, yaani feminist, basi ni wa "f" ndogo, na akaendelea kudai kwamba ndoa ya mitara inaweza hata kumpa uhuru mwanamke, hasa msomi: anaweza kurudi chuoni au kusafiri kwenye mikutano, wake wenza wakibaki na watoto. Wasomaji wengi wa pwani na bara watakuwa na ya kusema hapo, na wengi wao si kwa kunong'ona. Ninaona alichokuwa akikitafuta. Alikuwa akizitafuta tena zile mikono za Lagos, bibi na wifi na jirani, na akazipachika kwenye ukewenza. Riwaya yake mwenyewe, kwa lile pazia la katikati ya chumba, inamjibu vizuri kuliko mkosoaji yeyote.

Mswada uliorudi

The Bride Price ilichapishwa 1976. Aliiandika upya yote. Katika toleo tunalolisoma, Aku-nna anamchagua mume anayempenda, mahari haikubaliwi na baba yake mlezi, na anakufa akijifungua mtoto wake wa kwanza. Emecheta aliandika baadaye kwamba Aku-nna alikufa kifo ambacho kingekuwa chake yeye. Mtu aliyezaa mara tano akaandika hilo, akiwa hai, watoto wakiwa shuleni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Ogwugwu Afor, pamoja na mwanawe wa kiume, na riwaya ya Double Yoke ikatoka huko. Alifariki London tarehe 25 Januari 2017. New Statesman, gazeti lililokuwa la kwanza kumlipa kwa maandishi yake, lilichapisha kumbukumbu iliyoandikwa na mwana huyo, naye ndiye aliyesimamia kurejeshwa sokoni kwa vitabu vya mama yake. Wapo watakaoyaita hayo malipo ya mama. Mwandishi mwenyewe alishamwandika mama aliyengoja malipo, na kilichokuja kilikuwa mazishi ya fahari. Yeye hakungoja. Kufikia siku watoto walipokuwa na uwezo wa kumlipa, alikuwa na vitabu zaidi ya kumi, shahada ya udaktari na nyumba yake mwenyewe kaskazini mwa London.